Ndege ya Bombay Ilipita Saa Ngapi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Mitambo alinishusha kwenye kibanda kilimani Kisarawe, akanionyesha mnara wa redio ulioelekeza ndege kwenye uwanja wa Dar es Salaam. Mnara ulitegemea jenereta, na dizeli ilikuwa ya kubembeleza. Ndiyo maana ilibidi tupige hesabu. Bombay iko maili za baharini kama elfu mbili na mia tano. Jeti huzimaliza kwa saa tano na ushei, kutegemea upepo. Nikiarifiwa kwamba imeruka, nahesabu, kisha nawasha mtambo nusu saa kabla haijafika.

"Usiuamini upepo," Mkuu aliniambia, "wala saa ya ukutani, wala mimi. Hesabu mara mbili. Ndege ikipita mtambo umezimwa, kazi huna, na mahakamani utafika."

Nikawa mtu wa kushuku kila kitu. Sikujua kwamba na mimi nashukiwa.

Enzi zile za Ujamaa tuliambiwa tukae macho dhidi ya majasusi. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mwinshehe, mkulima wa mihogo, aliingia kibandani siku moja, saa saba mchana, akalifungua daftari langu. Sisi watu wa ndege tuliandika saa za Greenwich, kule Uingereza, zinazohesabiwa tangu usiku wa manane. Ndege ya Bombay ilikuwa imepita saa sita adhuhuri. Daftari lilisema tisa.

"Saa tisa bado," alisema. "Ndege umeiandika kabla haijaja. Nani kakutuma?"

"Shikamoo, Mzee. Hiyo ni saa ya Ulaya."

"Marahaba. Kumbe ni Ulaya waliokutuma?"

Kulikuwa na ndege nyingine njiani. Nikapiga hesabu mbele yake: itapita saa nane na dakika kumi. Tukasimama nje tukitazama mawingu, na kweli ikanguruma kwa wakati wake. Nilidhani nimeshinda.

"Umeona, Mzee?"

"Nimeona. Umeiita."

Mkuu wa Mitambo alikuja kumweleza. Mzee alisikiliza kwa adabu zote, wala hakuamini. Tangu hapo kila ndege ikipita nilimwona ukingoni mwa shamba, saa mkononi, akiandika kwenye daftari la shule. Nilimchukia, nisiwafiche. Kila gari la serikali lilipopanda kilima nilihisi limenifuata mimi.

Nilistaafu, nikahamia Tumbi, Kibaha. Mzee alipofariki, binti yake Zuhura aliniletea lile daftari. "Baba aliusia upewe wewe," alisema.

Nililihakiki kwa penseli, mara mbili, nikililinganisha na madaftari yangu ya zamani. Kila saa yake ukiijumlisha na tatu unapata yangu. Katika maisha yangu yote ya kazi, Mzee ndiye peke yake aliyewahi kuikagua kazi yangu.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wa siku ambayo daftari langu lilidanganya. Mke wangu alikuwa akijifungua kijijini Kibuta, hali mbaya. Nilihesabu kwamba ndege ingali mbali, nikakimbia. Upepo ukaiwahisha. Rubani aliuona uwanja kwa macho kwa kuwa mbingu zilikuwa wazi, nami niliporudi nikaandika kwamba mtambo uliwaka.

Mzee aliandika: "Ndege imepita. Jenereta kimya. Fundi hayupo. Mkewe ana uchungu."

Kurasa nyingine zote zina neno la penseli nyekundu: *Imepelekwa*, yaani taarifa yake ilifikishwa serikalini. Ukurasa ule hauna. Nimeugeuza mbele na nyuma, nikaumulika juani, nikilitafuta neno hilo. Halipo, na mtoto wa siku ile sasa ana wajukuu.