Visu Vinne vya Ufini

Kwetu Ukambani wanaume walichonga, wanawake tukapiga msasa. Nilipiga msasa twiga na vifaru tangu nikiwa na miaka tisa hadi nilipoondoka nyumbani, na miaka hiyo yote baba hakuwahi kunipa kisu. "Utajikata," alikuwa akisema, na huku vidole vyangu vimechunika kwa msasa.

Dubai nilienda kufungasha mizigo. Mwajiri wangu alikuwa Mfini mwenye godauni dogo katika freezone ya uwanja wa ndege, eneo la biashara lisilotozwa ushuru, akiuza vitu vya kwao: blanketi za sufu, vikombe vya mbao, mishumaa. Mwaka wa tatu, mkataba ukikaribia kwisha, nilikuwa situlii. Nilifunga kasha, nikalifungua, nikalifunga tena. Chakula cha mchana nilikula nimesimama. Mzee wa stoo, mtu wa Mombasa aliyenilea kama bintiye, aliniambia, "Mwanangu, kaa basi. Unanichosha mimi niliyekaa."

Ndipo visu vikaja. Vilikuwa vinne, kila kimoja na fundi wake, vyote vya mkono. Kwao wanakiita puukko: kisu kifupi, hakina kizuizi kati ya mpini na chuma, huvaliwa kiunoni ndani ya ala ya ngozi. Sir, ndivyo tulivyomwita yule Mfini, alitaka kuchagua fundi mmoja amwagize mzigo, nami nikaambiwa nivifute kwa mafuta tu.

Wenzangu walipoenda kula, niliokota kipande cha mbao ya paleti. Nikachomoa kisu kimoja nikajaribu. Maranda yakajikunja, yakaanguka juu ya kiatu changu. Nikakata tena, na tena, hadi nikasikia sir nyuma yangu.

"Umejifunza wapi?"

Nilikiweka chini kana kwamba kimeniunguza. "Sikujifunza, sir. Nilitazama tu."

Aliokota randa moja, akalikunjua. "Chukua wiki moja," akasema. "Vitumie vyote, halafu uniambie ukweli."

Wiki ile sikumbuki nilikula nini. Kila mapumziko nilikuwa nyuma ya rafu nikichonga vijiko. Kisu cha kwanza kilikuwa kizuri kuliko vyote, mpini wa mti wenye mawimbi kama maji na pete za shaba pande zote mbili. Lakini eyasii yetu, ile mashine ya kupoza hewa, ilikuwa imeukausha ule mti ukasinyaa, na pete ikabaki imejitokeza, ikinikwaruza kiganja. Cha pili kilikata kama wembe. Jioni moja nilisahau kukifuta jasho. Asubuhi nikakuta alama ya kidole gumba changu juu ya chuma, yote kutu. Cha tatu kilikuwa na mpini wa pembe, unang'aa, ila mkono ukilowa kinateleza, na mwezi wa saba Dubai, hata penye eyasii, mkono haukauki.

Cha nne hakuna ambaye angekigeukia dukani. Mpini wake ulikuwa vipande vya ganda la mti vilivyopangwa na kubanwa pamoja, kahawia, kama mkate ulioungua. Nilikishika nikasahau kwamba nimeshika kitu. Ubavu wa makali ulilala juu ya mbao wenyewe, nami nikaufuata.

Ijumaa nilimpigia baba simu nikamweleza.

"Nani amekupa kisu?" akauliza.

"Kazi, baba."

Akauliza tena: "Makali yameshuka upande mmoja au pande zote mbili?"

"Zote mbili. Yameanzia katikati ya chuma, bapa kabisa."

"Bapa kabisa?" Akaniuliza tena na tena, upana, uzito, chuma kinalia vipi kikigongwa, mpaka salio likaisha. Nilizungukazunguka chumbani, simu mkononi, wale tuliokuwa tukilala nao chumba kimoja wakinitazama. Nilikuwa na furaha na hasira kwa pamoja, sijui ipi ilitangulia.

Jumapili nilivipanga mezani kwa sir nikamwambia yote, hata kutu. Nikamwonyesha cha nne. "Hiki ndicho cha kazi."

Alitikisa kichwa kukubali. "Najua. Hata mimi ninacho nyumbani." Kisha akavuta kile cha shaba. "Nitaagiza hiki."

"Kwa nini, sir?"

"Wateja wangu hawachongi. Watakiweka kabatini."

"Sasa mbona uliniuliza?"

Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo. Hakukasirika. "Nilitaka kumsikia mtu anayejua," akasema. Nikamwomba aniuzie cha nne. Akasema vyote ni sampuli, lazima virudi kwa mafundi. Nilivifunga mwenyewe, nikabandika anwani.

"Khalas, yamekwisha," mzee wa stoo aliniambia. Kwangu hayakuwa yamekwisha. Mkataba mpya ulipoletwa, niliusoma mara mbili nikaurudisha bila sahihi. Mzee alishika kichwa.

Nilipata kazi mtaa wa Oud Metha, kwenye karakana ya kukarabati viti vya mikahawa. Arbab, mwenye karakana, alinitazama juu hadi chini. "Mwanamke?"

"Nipe mguu wa kiti niuchonge," nikamwambia.

Akanipa kipande cha mbao na patasi kuukuu. Mguu ule niliutoa mfupi kuliko wenzake, kiti kikayumba, naye akautupa kwenye takataka. Kisha akanisukumia kipande kingine cha mbao, akaenda kupokea simu.