GPS ya Hikma na Mlango wa Mzee Okumu

Ukishuka Shauri Moyo kuelekea Gikomba, kuna kibanda cha mabati ya buluu kisicho na jina. Hakilihitaji. Uliza tu kwa Ndunge, na hata muuza mitumba mwenye haraka zake atakuelekeza kwa kidevu.

Ndunge ni binti wa Nzivo, mchongaji. Mzee Nzivo, Mungu amrehemu, hakuuza kinyago hata kimoja kabla ya kufumba macho na kukipapasa chote, kuanzia utosi hadi nyayo. "Jicho hudanganywa na rangi," alikuwa akimwambia bintiye. "Kidole hakidanganyiki." Ndunge hakurithi tezo la babake, lakini kidole alikirithi. Alianza na redio, akaja kwenye simu, mwishowe akawa fundi wa GPS, vile vidude wanavyotembea navyo wapima ardhi na madereva wa malori ya safari ndefu. Alivitengeneza, akaviuza, na alikuwa na msemo wake ambao jirani wote waliujua: "Kilichotoka kwangu hakirudi."

Kasoro ilikuwa moja tu, nayo hakuificha. Bahari hakuwahi kuiona. Aliijua kwa kalenda ya ukutani.

Basi asubuhi moja akaingia mama mmoja wa Makongeni, buibui limekaa sawasawa, nyuma yake msichana mrefu wa miaka kumi na tisa mwenye mabega kama ya mbeba mizigo.

"Dada, wewe ndiye Ndunge?"

"Ndiye mimi. Karibu, keti kwenye hilo kreti, halina msumari."

"Niaje, Anti," akasema msichana. Mamake akamfinya.

"Mwache," Ndunge akacheka. "Hata niaje mimi naipokea."

Mama huyo jina lake Kibibi, na msichana ni Hikma, mwanawe wa pekee. Kila shule ilipofungwa, Hikma alikuwa akishuka Kilifi kwa mjomba wake Idarusi, mwenye boti ya kutembeza wageni. Huko ndiko alikojifunza kuendesha ubao wa tanga: unasimama juu ya ubao, unashika tanga kwa mikono miwili, upepo unakubeba. Sasa alikuwa amemaliza shule, na kule ufuoni wanakofundisha mchezo huo walikuwa wamemwita awe mwalimu. Kazi ya kweli, yenye barua.

"Lakini mwaka jana," Kibibi akasema, na sauti ikapungua, "mvua iliwafunga macho. Upepo ukamsukuma mwanangu akaupita mlango wa mwamba. Unaujua mwamba, dada? Umezunguka pwani kama ukuta, na mlango wa kurudi ni mmoja. Akashinda nje ya ukuta mpaka alasiri, ndipo mjomba wake akamwona. Nimeapa haendi tena bila chombo cha kumwonyesha njia. Na chombo chenyewe sharti mimi nikiamini."

"Na kitumike kwenye boti pia," Hikma akaongeza. "Siku sina ubao, Mjomba anakitaka."

 Ndunge aliwaambia warudi Alhamisi. Walipokuja, alikuwa ameazima vifaa vinne kwa mafundi wenzake wa barabara ya Luthuli, akavipanga juu ya gunia kama samaki. Kando aliweka beseni la maji, akatia chumvi viganja viwili, akakoroga.

"Chumvi ya nini?" Kibibi akauliza.

"Bahari si ya chumvi? Ama nimedanganywa?"

Akaanza na kile kikubwa, kioo kama sinia, kinachokula umeme wa betri ya boti. "Huyu ni wa mjomba peke yake. Kwenye ubao utamfunga wapi, kichwani?" Akakiweka kando. Cha pili kilikuwa saa ya mkononi. Kasi iliionyesha vizuri mno, lakini ramani yake, Ndunge alisema, ilichorewa siafu. Cha tatu kilikuwa chembamba, kioo kitupu, rangi tele, unaendesha kwa kugusa. Cha nne kilikuwa kinene kama kipande cha sabuni ya mche, cha manjano, na vitufe vya mpira vimetuna pembeni.

Hikma hata hakukitazama hicho cha nne. "Hii ya rangi ndiyo poa, Anti."

Ndunge alijua fika kwamba hicho cha rangi ndicho kingemwachia faida nono. Akasema, "Loweka mikono, halafu kiendeshe."

Hikma akachovya mikono, akagusa kioo. Ramani ikaruka. Akagusa tena, ikarukia Sudan. Tone moja likadondoka kutoka kidoleni mwake, na hilo tone nalo likaanza kutoa amri zake. Wakatoka nje kwenye jua la saa sita, kioo kikawa cheusi.

"Waona nini?" Ndunge akauliza.

"Najiona mimi."

"Basi hicho ni cha kujipodolea. Lete ule mche wa sabuni."

Akautumbukiza kwenye beseni. Ukazama kidogo, ukaibuka, ukaelea. Juani maandishi yake yalisomeka kama gazeti. Kisha Ndunge akafanya ile ya babake: akamwambia Hikma afumbe macho, akiwa na mikono mibichi, akitafute kwa kidole kitufe cha kutia alama ya mahali pa kurudi. Mara ya kwanza alikosa. Mara ya pili alibahatisha. Mara ya tatu kidole kilikwenda chenyewe.

Ndunge akamgeukia Kibibi kwa tabasamu la mshindi, lakini mama huyo alikuwa amekunja mikono.

"Kuelea, dada, hata ndizi huelea. Mimi nataka kujua kama kitamrudisha. Kwangu Makongeni milango ni kama meno, yote sawa. Njoo Jumamosi. Nifunikwe leso nisione kitu ila hicho kioo chako. Kikinifikisha mlangoni kwangu, mtoto aende. Kisiponifikisha, ule ubao nitaukata niufanye meza."

Hikma akamtazama Ndunge. Ndunge akasema, "Jumamosi."

Jumamosi akafika mapema. Nyumba za wafanyakazi wa reli zimejipanga mstari mrefu, mlango kando ya mlango, na Ndunge alitaka tu asimame nje, atie alama, waanze. Lakini Kibibi ni mtu wa pwani. Mgeni amalize shughuli yake amesimama kizingitini kama mdai? Haiwezekani. Akamvuta ndani, akamkalisha, akamtilia chai ya iliki, akamsogezea sahani ya mahamri na mbaazi. Ndunge akala, akasifu, na hamri likiwa mkono wa kushoto, akabonyeza kitufe kwa mkono wa kulia. Alama ikaingia.

Wakaenda hadi mwisho wa mtaa. Kibibi akajitanda leso mpaka kifuani, GPS mikononi chini ya leso, kama mpigapicha wa zamani. Hikma alimshika kiwiko asije akaingia mtaroni. Watoto wakafuata, na watu wakatoka kuona. Mshale wa kwenye kioo ulimpeleka Kibibi moja kwa moja, hatua kwa hatua, akapunguza mwendo, akasimama. Akanyoosha mkono, akabisha hodi.

Mlango ukafunguliwa na Mzee Okumu, mstaafu wa reli, akiwa na kikombe mkononi.

"Karibu, Mama Hikma," akasema taratibu. "Lakini kwako ni mlango wa tano, upande ule."

Watu wakaangua kicheko. Kibibi akafunua leso, na hakucheka. "Hapa yupo Mzee Okumu wa kunielekeza. Kule baharini pana nani? Mwamba."

Hikma alikuwa ameinama.  Kilichotoka kwa Ndunge kilikuwa kimerudi, tena mbele ya mtaa mzima. Ndunge alikichukua kile kifaa, akakipapasa, akafumba macho, akaipitia asubuhi yake yote tangu alipofika. Mlango. Kiti. Chai. Hamri.

"Kosa ni langu," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Hiki chombo huuliza njia kwa setilaiti huko juu mbinguni. Mimi nimekiuliza nikiwa chini ya mabati, nimekaa, natafuna. Kilikuwa hakioni mbingu, kikakisia. Chai yako ilikuwa tamu, Mama Hikma, lakini alama haitiwi mtu akiwa amekaribishwa."

Hata Kibibi mdomo ukamcheza.

Safari hii Ndunge alisimama nje, kizingitini, chini ya anga tupu. Hakubonyeza. Alingoja. Chai ikaletwa, akaikataa kwa adabu. Mzee Okumu akaleta kiti, akakikataa. Kifaa kikatulia, ndipo akatia alama. "Hata hapa kinaweza kukosea hatua mbili tatu, sikudanganyi," akasema. "Huo mlango wa mwamba una upana gani?"

"Boti tatu zinapita sambamba," Hikma akajibu.

"Basi unatosha. Lakini alama yake aitie mjomba mwenyewe, pale pale, boti imetulia. Asikuandikie namba zake kwenye karatasi. Na macho yako yasistaafu kwa sababu una hiki, kwani wimbi hakilioni."

Kibibi akafunikwa tena, akapelekwa mbali zaidi, akazungushwa mara tatu kwa amri ya Mzee Okumu, ambaye sasa alijifanya refa. Akarudi.  Hatua zake zikawa fupi, fupi zaidi, kisha kidole cha mguu kikagonga kopo la mrehani.

Alilijua. Mrehani alioupanda mwenyewe, mlangoni kwake mwenyewe.  Akafunua leso, akamgeukia Hikma. "Mwanangu, nenda kafunge mzigo."

Mwezi wa pili tangu siku hiyo, simu ya Ndunge ililia kibandani. Hikma alikuwa ametuma picha ya kioo cha kifaa. Mstari mwembamba ulitoka ufuoni, ukapita mahali pamoja, ukacheza nje huko kama uzi wa fundi cherehani, ukarudi ukapita pale pale. Alama zilikuwa mbili. Jabali lililo kando ya mlango, la kuepukwa, liliandikwa OKUMU. Mlango wenyewe uliandikwa NDUNGE.

Alifunga kibanda mchana kweupe, jambo asilolifanya, akatembea hadi Makongeni kumwonyesha mzee. Mzee Okumu akavaa miwani, akaitazama picha.

"Kwa hiyo mimi ndimi wanayenikimbia," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri. Wakinikimbia, watafika kwako." Akamrudishia simu. "Na wewe bahari utaiona lini?"

Ndunge akaitazama picha tena, jina lake limekaa katikati ya maji. "Sina haraka," akasema. "Yenyewe inanijua."