Siku Nane, Si Nne

Kosa langu nililigundua Jumatatu asubuhi, nikiwa nyumbani Marangu, kompyuta iko juu ya meza ya kulia na mama yuko nje anakata majani ya ng'ombe. Nilikuwa nikipima mzunguko wa nyota moja ndogo, nyekundu, isiyo na joto kali kama jua. Nyota za namna hiyo huwa na madoa meusi usoni. Doa likigeukia upande wetu, mwanga hufifia kidogo. Ukihesabu siku hadi ufifie tena, unajua nyota inajizungusha kwa muda gani. Mimi nilikuwa nimeandika siku nne.

Asubuhi ile nikaona kwenye mchoro wa vipimo mwanga ukififia sana, kisha kidogo, kisha sana, kisha kidogo, bila kukosa zamu. Kumbe madoa yalikuwa makundi mawili, moja kila upande, nami nilikuwa nimehesabu nusu ya mzunguko tu. Nyota ilijizungusha kwa siku nane.

Namba ile nilikuwa nimempa mwenzangu niliyesoma naye, naye akaijengea ombi lake lote la kwenda kusoma nje: kwamba nyota inazunguka kasi, kwa hiyo bado ni changa na ina milipuko mingi. Ombi lilikuwa limeshatumwa.

Sikumpigia. Nilijiambia nihakikishe kwanza, na nilipohakikisha nikahakikisha tena. Mama aliuliza mbona chakula kinarudi. Nikasema kichwa kinaniuma.

Ijumaa nikashuka Rau, nyumbani kwa mwenzangu. Mama yake aliitikia shikamoo yangu kwa furaha, akaniwekea bakuli la mtori wa ndizi na nyama. Sikuweza kuumaliza. Nikamwonyesha mwenzangu ule mchoro. Aliufuata kwa kidole hadi mwisho.

"Umejua lini?"

"Jumatatu."

"Jana wamenihoji kwa simu, dada. Waliniuliza kuhusu hiyo namba. Nimeitetea kwa nguvu zangu zote."

"Niliogopa."

"Kukosea hata mimi ningekosea," akasema. "Lakini ungenipigia juzi."

Mchana uleule akaandika barua ya kusahihisha, nami nikaongeza maelezo kwamba kosa ni langu. Nafasi hakuipata. Hawakutaja sababu, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, maana sina namna ya kujua.

Bado tunafanya kazi pamoja. Namba yoyote nikimpa anaipima upya mbele yangu, wala hafichi, nami nakaa nasubiri amalize.