Mfuma zulia wa Kairouan aliyeacha dawa ya jicho kulinda saumu

Saa mbili asubuhi. Mannoubia Dhaouadi anapitisha uzi wa sufi kwenye zulia, anafunga fundo, anaukata kwa kisu. Mkono unapapasa kikapuni kutafuta mwingine, unasita.

"Hiyo bluu, wifi," anasema Hedia, mke wa kaka yake, aliyeketi naye benchi moja. "Ukiitia hapo, zulia litaonekana limepigwa ngumi."

"Basi nipe nyekundu, na mdomo wako uupumzishe."

Mannoubia, 46, ana baridi yabisi tangu utotoni. Ugonjwa huo unaovimbisha viungo vyake huwasha pia uvimbe ndani ya macho. La kushoto lilishapofuka. La kulia, lililobaki, limefunikwa na mtoto wa jicho.

Upasuaji ulipangwa baada ya Idi. Daktari wake wa macho, Emna, alitoa sharti moja: uvimbe utulie miezi mitatu mfululizo, kwa dawa ya matone, bila kuruka.

Siku ilipofika, Mannoubia alikuwa ameshavaa gauni la upasuaji. Daktari alimmulika jicho. Akammulika tena.

"Mama, humu ndani mnawaka moto. Dawa umeacha?"

"Sijaacha. Natia usiku."

"Na mchana?"

"Mchana wa Ramadhani? Tone likiingia jichoni, uchungu wake nausikia kooni. Si ningekuwa nakula?"

Daktari aliketi kitako.

"Nilidhani amekasirika," anasema Hedia, aliyemsindikiza hospitalini. "Kumbe ameogopa."

"Ningekupasua hivi, huenda jicho lingezimika moja kwa moja," alisema daktari. "Mgonjwa ana ruhusa ya kula, akalipa baadaye. Mbona hukuuliza, mama?"

Mannoubia alivua gauni la upasuaji.

"Nusura nijipofushe. Kwa mkono wangu huu, huku nadhani natenda jema," anasema sasa.

"Benchi moja, nyumba moja, nami sikujua," anasema Hedia.

Miezi mitatu imeanza kuhesabiwa upya. Mannoubia anatumaini atapasuliwa kabla ya msimu wa zeituni.

"Zulia hili nataka kulishusha kwenye mtambo wa kufumia nikiliona. Nione pote alipokosea Hedia."

"Mimi?"

"Wewe. Vidole vyangu vinajua, nangoja ushahidi tu."

Hedia anacheka, anafungua kichupa cha dawa. Mannoubia anainua uso, tone linaingia, anafumba jicho. Anapotaka kurudi kwenye uzi, wifi yake anamshika vidole, anavikuta vimevimba na vina joto.

"Acha. Mstari huu wa mafundo tutaumalizia kesho."

Mstari umefika katikati.