Kizunguzungu cha Golikipa wa Songo

Siku ile niliyomwangukia Riziki naikumbuka, mwanangu, kuliko mechi zote tulizoshinda. Nilikuwa golikipa wa timu ya wasichana wa Songo, hapa Uvira, na usinione leo natembea polepole ukadhani nakutania. Mipira ya juu ilikuwa yangu. Wapinzani walikuwa wakiambiana, "Kwa Neema, musipige ya juu!"

Ilikuwa miaka ya vita. Mara mbili tuliukimbia mji, mara mbili tukarudi. Katika mbio za pili, milio ya bunduki ikiwa karibu, nilikuwa nimembeba mdogo wangu mgongoni. Nikateleza, nikaanguka kwenye mtaro na kugonga kichwa kwenye jiwe. Mdogo wangu hakuumia. Nilijifuta damu, tukaendelea.

Tuliporudi nyumbani, kila nilipogeuka kitandani chumba kilizunguka. Nikiangalia juu kuanua nguo, mbingu ilizunguka, kisha ikatulia. Sikumwambia mtu. Timu ilikuwa ndiyo kwanza imeanza tena mazoezi, na niliogopa nafasi yangu apewe mwingine. Ujana, mwanangu! Nilidhani kunyamaza ndiyo ushujaa.

Basi tukaenda Nyakabere kucheza na wasichana wa huko. Watu walijaa pembeni mwa uwanja, wengine wameteremka toka milima ya Rurambo kwa miguu. Zilikuwa zimepita siku nyingi bila watu kukusanyika kwa furaha. Ikapigwa kona. Niliinua macho kuufuata mpira, na mbingu yote ikageuka. Niliruka bila kujua chini ni wapi. Nikamwangukia Riziki, beki wetu, rafiki yangu tangu shule ya msingi, na mfupa wa bega lake ukavunjika. Mpira uliingia golini; sikuuona hata.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi mmoja mzee alipomaliza kumfunga Riziki mkono, aligeuka akaniona nimeegemea ukuta.

"Na weye uko na nini?"

"Minye? Hakuna kitu."

"Huo ukuta hauanguki, mutoto. Juu ya nini unaushika?"

Nikalia, nikasema yote. Riziki alinisikiliza, kisha akasema, "Neema, minye ni beki yako. Ungeniambia, ule mupira ningeurukia minye." Nimekaripiwa na wakubwa wengi, lakini maneno hayo ya rika langu ndiyo yaliyoniingia.

Muuguzi alinilaza kitandani kwa haraka, kichwa kimegeuzwa upande, kikining'inia kidogo ukingoni. Chumba kikazunguka, nikapiga kelele. Hakuniachia. Alinigeuza taratibu, upande huu na huu, akingoja kila mara kizunguzungu kitulie, kisha akanikalisha. Akanieleza kwamba ndani ya sikio mna kitu kinachotuambia kama tumesimama au tunaanguka, na kwamba pigo la kichwa lilikuwa limekivuruga. Nilirudi kwake siku kadhaa. Halafu nikawa najizoeza kutembea ufukweni mwa ziwa huku nikigeuza kichwa, Riziki kando yangu, mkono wake umefungwa kwa kitambaa shingoni, tukichekana kama walevi wawili.

Bega lake lilipopona tukacheza tena na Nyakabere, safari hii kwetu. Nilidaka mipira mitatu ya juu, mwanangu, mitatu! Zikiwa zimebaki dakika chache, tuko sare, nikahisi ardhi inaanza kuteleza. Watu wote walikuwa wananitazama. Niliinua mkono, nikamwambia refa, "Iko kizunguzungu. Ninatoka." Nikavua glavu, nikampa Riziki, ambaye hakuwahi kukaa golini maisha yake yote. Shuti la mwisho alilipangua kwa ngumi mbili, na vigelegele vikajaa uwanja mzima. Mimi nilikuwa nimekaa chini pembeni, kichwa kimetulia, machozi yananitoka kwa kujivunia timu yangu. Na kujivunia mkono wangu ule niliouinua pia, kwa nini nifiche?

Kwa hiyo sikia, wewe unayecheza. Ukigonga kichwa, au ukiona dunia inazunguka, toka uwanjani, sema siku hiyohiyo, nenda kwa muganga wa kituo cha afya. Usifiche kwa ajili ya nafasi. Wenzako wanaruka wakiamini kwamba unaona. Mungu akutulize miguu, akulindie kichwa, akupe wachezaji wenzako unaoweza kuwaambia ukweli mbele ya watu wote, nao wakupende vilevile.