Keki Iliyofunuliwa Mara Tatu

Tangu ahitimu chuo cha mapishi, Loyce hakuwahi kufunua keki kabla ya wakati wake. Krismasi hiyo, ya kwanza tangu aolewe Ilongero, alikuwa ameuahidi ukoo mzima keki baada ya ibada. Mayai yote ya nyumbani yalikuwa yameishia katika sufuria ya keki hiyo, yenye makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko.

Mama mkwe akaja na koleo.

"Mwanangu, hii haijaungua?"

"Bado, mama. Tuiachie dakika ishirini."

"Ishirini! Kuku wangu ameshaiva, keki yako bado imelala?"

Akafunua, akachungulia, akafunika. Punde akafunua tena. Loyce aliung'ang'ania upindo wa kanga yake. Mkwe hakatazwi; hilo alifundishwa kwao kabla hajafundishwa kupima unga.

Mara ya tatu, keki ilididimia katikati, polepole, kama godoro lililokaliwa.

"Ee! Mbona imebonyea? Huko chuoni mlifundishwa nini?"

Mlangoni wageni walikuwa wameanza kupiga hodi.

"Nisamehe, mama," Loyce akasema, akaenda kutafuta kisu cha kuikatia keki hivyo hivyo.