Mzee Fomula Achagua Kati ya Volti na Wati

Kikohozi ndicho kilichotoweka. Kwa miaka ishirini na sita kilimtangulia mwalimu kwenye korido ya karakana, kizito, cha kukwaruza, na wanafunzi wa umeme walikitegemea: kikisikika ngazini, simu zinaingia mifukoni na mikono inarudi kwenye nyaya. Muhula huu korido iko kimya. Mwalimu huyo, wanayemwita Mzee Fomula, anafika mlangoni bila taarifa na kuwakuta kama walivyo.

Ukimuuliza aliachaje sigara, hucheka kabla ya kujibu. Husema hakuacha kwa akili, maana akili ndiyo iliyomchelewesha.

Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na sharti alilompa baba yake kwenye simu halikuwa na kona. "Baba, mjukuu wako humbebi na huo moshi. Acha kwanza."

Siku hiyohiyo mwalimu alinunua sigara ya umeme, ile ya kuvuta mvuke. Ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, unapanga volti mwenyewe, na nguvu ya joto inategemea ukinzani wa koili uliyoweka, yaani kile kiwaya kinachopata moto ndani. Ya pili, unachagua wati, yaani nguvu yenyewe unayotaka, na kifaa chenyewe kinapima koili na kutafuta volti zake.

Mtu mwingine angechagua palepale. Yeye alifungua daftari.

"Kifaa kinifanyie hesabu? Mimi?" alimwambia mkewe.

"Basi fanya mwenyewe," mkewe alijibu huku akikunja nguo. "Ila fungua dirisha. Hesabu zako zinanuka sigara."

Zilinuka kweli. Kwa wiki sita alichora majedwali ya volti na ukinzani, na kwa kuwa hakuwahi kufikiri bila moshi, kila ukurasa ulikula sigara mbili. Alivuta kuliko zamani ili aje aache vizuri. Kuna wakati alijiona, mtu mzima mwenye mvi, akipiga mstari kwa rula chini ya neno "hitimisho" huku jivu likimdondokea shatini. Akajionea huruma, akaendelea.

Jumamosi moja asubuhi binti alikuja na mtoto, aone kwa macho yake. Mwalimu, akitaka kumwonyesha mambo, alikuwa ametoka kuweka koili mpya, yenye ukinzani nusu ya ile ya zamani. Volti akaziacha palepale. Kila mwaka huwakata wanafunzi alama kumi kwa kosa hilo: ukinzani ukipungua nusu na volti zisiguswe, nguvu inakuwa maradufu. Akavuta. Pamba ya ndani, inayonyonya kimiminika cha mvuke, ikaungua, koo likawaka, na binti akamkuta ameinama juu ya kochi, machozi yanamtiririka, sebule nzima inanuka kitambaa kilichochomwa na pasi.

"Baba! Nini tena?"

"Sikukokotoa upya."

"Si kuna ile njia ya wati?"

"Ipo."

"Sasa unataka nini, kuacha sigara au kusahihisha mitihani?" Akamtazama vizuri. "Na hizo sigara zenyewe zimepungua?"

Angeweza kumdanganya. Akatazama kile kichwa kidogo kilichochungulia kwenye shali, uongo ukamkwama.

"Zimeongezeka, mwanangu. Nilikuwa nafikiria."

Binti alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akamfunika mtoto, akaondoka naye. Babu hakuguswa hata na kidole cha mjukuu.

Mchana ule mwalimu aliweka wati kumi na kulitupa daftari. Haikuwa rahisi. Sigara ziliondoka wiki ya tatu, baada ya kumgombeza mkewe kwa sababu ya kijiko. Kile kifaa nacho, kwa kuwa hakikumwachia cha kukokotoa, kikawa kijibomba tu chenye ladha ya peremende. Kilimchosha, na baada ya miezi mitano akakiacha.

"Kazi kubwa kuliko zote nilizofanya," husema, "haikuhitaji hata kujumlisha. Inaniuma mpaka leo."

Leo ni Jumamosi. Yuko kwa binti yake, kwenye kiti cha karibu na dirisha, na mjukuu wa miezi minane amelala mapajani mwake.